Programu yangu iliandika "SALAMA"

Najua nimepotea majuma kadhaa, na kuna walioniandikia kuuliza sehemu ya pili ya makala ya hifadhidata imeishia wapi. Itakuja, inshallah. Leo nataka kuandika jambo ambalo nimeliahirisha tangu 2023, na sababu ya kuliahirisha ni nyepesi: mwenye kosa ndani yake ni mimi. Kila nikianza kuliandika najikuta nimefungua ukurasa mwingine nasoma habari za mpira.

Jambo lenyewe lahusu bandari yetu ya Kilindini, eksirei za mabomba, na kisanduku kidogo cha kijani nilichokitengeneza mwenyewe nikajisifu nacho.

Chuma nacho hupigwa eksirei

Wengi wetu tunaijua eksirei ya hospitali. Umeanguka na pikipiki, unalazwa kwenye meza baridi, unaambiwa usipumue, halafu daktari anainua picha na kukuonyesha ufa wa mfupa. Chuma nacho huchunguzwa vivyo hivyo, hasa pale kilipounganishwa.

Panda feri ya Likoni utazame upande wa bandari. Meli za mafuta hupita hapo kwenda Kipevu au Shimanzi, na kutoka huko mafuta yanasafiri ndani ya mabomba. Bomba la kwanza la kupeleka mafuta Nairobi, lenye urefu wa kilomita 450, lilianza kazi 1978. Bomba la urefu huo ni vipande vingi vilivyochomelewa kimoja kwa kingine, na kila palipochomelewa panaweza kuwa na kiputo cha hewa au ufa ambao jicho haliuoni. Kwa nje pamenyooka vizuri, kwa ndani pana kasoro. Basi mafundi hupiga picha. Matangi nayo hupigwa, na mabomba ya ndani ya meli, na mitambo ya stima.

Sasa, mashine ya eksirei ya hospitali ni kubwa na inataka umeme. Huwezi kuipandisha juu ya jukwaa la mbao kandokando ya tangi. Kwa hivyo mafundi wengi hutumia madini yanayotoa mionzi yenyewe bila umeme. Yanayotumika sana ni iridiamu-192. Hufungwa ndani ya kikopo cha chuma chenye ukubwa wa milimita chache tu, nami katika makala hii nitakiita kidonge, maana ndivyo kilivyo kwa kukitazama. Kidonge kimefungwa kwenye ncha ya waya mfupi, na makao yake ni ndani ya sanduku zito ambalo mafundi huliita kamera. Kamera huweza kuzidi kilo 20, kwa sababu ndani mna kinga ya urani iliyopunguzwa nguvu, madini mazito kuliko risasi.

Kazi inakwenda hivi. Upande mmoja wa kamera unaunganishwa mrija mrefu unaofika mpaka kwenye bomba linalopigwa picha. Upande wa pili unaunganishwa waya wenye mkono wa kuzungusha, kama ule wa cherehani ya zamani. Fundi anasimama mbali, anazungusha mkono, kidonge kinatoka ndani ya kamera na kusafiri kwenye mrija hadi mwisho, mahali penye kofia ya metali nzito inayoelekeza mionzi upande mmoja. Kinakaa hapo dakika kadhaa, filamu iliyobandikwa upande wa pili wa bomba inapata picha, kisha fundi anazungusha kinyume kidonge kirudi nyumbani.

Shika jambo moja hapa: kidonge hakina swichi. Mashine ya hospitali ukiing'oa kwenye umeme mionzi imekwisha. Iridiamu inatoa mionzi usiku na mchana, uitake usiitake. Ukiifungia kabatini leo, baada ya siku 74 hivi nguvu yake itakuwa nusu, na baada ya siku 74 nyingine itakuwa robo. Usalama wake ni mmoja tu, nao ni kuwa ndani ya kamera.

(Kwa wale walioanza kuogopa: bomba lililopigwa picha halibaki na mionzi, kama wewe usivyobaki nayo ukitoka hospitali. Hatari ni kidonge chenyewe kikiwa nje.)

Kwa wapenda hesabu, chukueni kidonge cha kiuri 50, ambacho si cha ajabu katika kazi hii. Ukisimama mita 1 kutoka kwacho bila kinga unapata kiasi cha milisiveti 240 kwa saa, yaani 4 kila dakika. Kikomo cha kimataifa cha mfanyakazi wa mionzi ni wastani wa milisiveti 20 kwa mwaka mzima. Maana yake umemaliza mwaka wako kwa dakika 5. Mtu wa kawaida asiye mfanyakazi, ambaye kikomo chake ni 1 kwa mwaka, amemaliza kwa sekunde 15. Habari njema ni kwamba umbali ukiongezeka mara 10, mionzi hupungua mara 100. Ndiyo maana ya ule mkono mrefu na zile kamba za kuzuia watu.

Kazi niliyopewa

Mwaka 2022 kampuni moja ndogo ya ukaguzi, ambayo sitaitaja, iliniita niwatengenezee programu. Walikuwa wakiandika kila kitu kwenye daftari: nambari ya kiungo, muda wa picha, jina la fundi, na kipimo cha mionzi kilichosomwa baada ya kidonge kurudi ndani. Daftari zenyewe zilikuwa zimelowa mafuta na jasho, kurasa zimenyofoka, tarakimu nyingine hazisomeki. Walitaka tableti.

Nikawatengenezea. Mwenye kampuni alifurahi, lakini mafundi wakalalamika kwamba kila picha inawataka wabonyeze mara 9. Wamevaa glavu, ni giza, kuna joto, na usiku mmoja una picha nyingi. Mimi nilikuwa nimetoka chuoni na shahada yangu ya sayansi ya kompyuta, na moja ya mambo niliyofundishwa ni kwamba fomu nzuri ni ile isiyomchosha mtu. Nikarudi nyumbani nikapunguza mibonyezo kutoka 9 hadi 4.

Nilipunguzaje? Fundi akibonyeza kitufe cha "Maliza", programu ilijaza yenyewe "Kidonge kimerudi: Ndiyo". Kipimo cha mionzi kilinakiliwa kutoka kwenye picha iliyotangulia, na fundi angeweza kukibadilisha kama angetaka. Halafu kisanduku cha kijani kikajitokeza katikati ya skrini na neno SALAMA kwa herufi kubwa. Mafundi walinipongeza. Mwenye kampuni aliniongezea pesa kidogo. Nikanunua kiti kipya cha kukalia ninapofanya kazi, ndicho nilichokikalia sasa hivi ninapoandika.

Jambo ambalo sikuliona ubaya wakati ule ni kwamba nilikuwa sijaiona kazi yenyewe hata siku moja. Nilielezwa ofisini, penye feni na chai.

Usiku ule

Agosti 2023 wakaniambia tableti zinapoteza mtandao ndani ya bandari, rekodi zinachelewa kufika kwenye seva. Nikasema nitakwenda nao nione. Kazi yenyewe hufanywa usiku kwa sababu watu ni wachache. Tulifika mahali pa kazi Kilindini baada ya isha, upepo wa kusi unavuma kutoka baharini, wakafunga kamba kuzunguka eneo, wakatundika mabango na taa. Mimi nikawekwa nyuma ya kamba na kuambiwa nisivuke hata nikiitwa na mamangu.

Walikuwa watatu. Mmoja wa kuzungusha mkono. Mmoja kijana msaidizi wa kubadilisha filamu. Na mkubwa wao, mtu wa Mji wa Kale ambaye wote tunamwita Ami, naye ameifanya kazi hii tangu mimi sijaanza shule. Ami alikuwa na kipima mionzi kifuani, kimefungwa kwa mkanda, nacho alikiwasha tangu tulipokuwa garini. Nilimuuliza mbona anamaliza betri. Akaniambia kuna vipimo vya zamani ambavyo mionzi ikizidi mno vinaweza kushindwa na kuonyesha sifuri. Ukikiwasha ukiwa mbali, unakiona kikipanda unapokaribia. Ukikiwasha ukiwa umeshafika, hujui kama sifuri ile ni ya usalama au ya kushindwa.

Picha 8 zikaenda vizuri. Mimi nilikuwa natazama mtandao, na kwa kweli nilikuwa najisikia raha kuona vile visanduku vya kijani vikitokea kimoja baada ya kingine.

Picha ya 9, fundi wa mkono akazungusha kurudisha, mkono ukakaza, akaona umefika mwisho. Akabonyeza "Maliza". Kijani. SALAMA. Ami wakati huo alikuwa upande wa pili akifunga upya kamba iliyofunguliwa na upepo. Kijana msaidizi akatazama tableti, akachukua mfuko wake wa filamu, akaanza kwenda.

"Simama hapo!"

Sijawahi kumsikia Ami akipaza sauti kabla ya siku ile. Kijana akasimama.

"Rudi kinyumenyume. Njoo kwangu. Usikimbie."

Kipimo cha Ami hakikuwa kimeshuka. Kidonge kilikuwa nje ya kamera.

Kijana alikuwa amepiga hatua kama 6. Mkanda wake ulikuwa na kidude cha kengele ambacho kazi yake ni kupiga kelele mionzi ikipanda. Hakikulia. Baadaye tuligundua betri yake imekwisha. Kama angeendelea mpaka kwenye mrija na kuushika, ingekuwa hadithi nyingine, kwa maana kidonge cha namna ile kikishikwa kwa mkono dakika moja tu yatosha kuharibu vidole.

Ami hakufanya ushujaa wowote. Aliturudisha sote nyuma, akasogeza kamba mpaka mahali kipimo kiliposoma kidogo, akatuhesabu, akampigia simu afisa wa usalama wa mionzi wa kampuni. Tukakaa chini kungoja. Afisa alifika baada ya dakika kama 40, na muda huo wote kidonge kiko palepale na hakuna wa kukizima.

Kilichotokea kilikuwa kitu kidogo. Ubao mmoja wa jukwaa uliteleza ukaegemea mrija karibu na kamera, mrija ukabonyea. Kwenda, kidonge kilikuwa kimepita. Kurudi kikakwama, kimebakiza chini ya mzunguko mmoja wa mkono kuingia nyumbani. Kwa fundi aliyeshika mkono, kukaza kwa kukwama na kukaza kwa kufika ni kitu kimoja. Kamera ina kufuli la kujifunga kidonge kikiingia, nalo halikujifunga, lakini gizani na mbali vile hakuna aliyeliona.

Afisa akaamua hivi: kidonge kirudishwe mbele mpaka kwenye ile kofia, ili mionzi ipungue upande wa kamera, kisha mtu mmoja aende haraka aondoe ubao, atoke, ndipo kivutwe tena. Akapiga hesabu ya dozi kwenye karatasi, akanipa. "Wewe mtu wa kompyuta, hakikisha." Nilifungua kikokotoo cha simu. Mikono ilikuwa ikitetemeka, na nilirudia mara tatu kugawanya kitu ambacho ni hesabu ya shule. Wakakubaliana sekunde zisizozidi 20. Afisa akaenda mwenyewe, Ami akihesabu kwa sauti. Alipofika 13 afisa alikuwa anarudi. Fundi akazungusha, safari hii tukasikia kufuli likigonga, na kipimo cha Ami kikaanguka chini.

Hakuna aliyeumia. Beji za kupimia dozi zilipelekwa kusomwa, na ya yule kijana haikuvuka kikomo.

Kahawa

Alfajiri Ami alinipeleka kunywa kahawa tungu. Tulikaa kwenye benchi bila kusema. Halafu akaniuliza:

"Mwanangu, ile tableti yako imepima nini jana?"

"Haijapima kitu, Ami. Inaandika tu."

"Iliandika nini?"

"Iliandika salama."

"Basi iliandika uongo."

Nilitaka kumwambia kwamba fundi angeweza kubadilisha kipimo, kwamba nafasi ya kuandika ilikuwepo. Sikusema. Akaendelea, bila hasira, akaniambia babake alikuwa nahodha wa jahazi, na kwamba hata bandari hii waliyoiita Kilindini kwa sababu ya kilindi chake, mtu wa chombo hakuingia kwa kusikia kwamba maji ni mengi. Alitia bildi akapima. Akaniuliza kama wanatufundisha hivyo chuoni. Nikamwambia tunafundishwa, kwa jina lingine.

Rekodi ya picha ya 9

Nilipofika nyumbani sikulala. Nilifungua hifadhidata. Picha ya 9 ilikuwepo: kidonge kimerudi, ndiyo, kipimo, kilekile cha picha ya 8, hali, salama. Ilikuwa imehifadhiwa wakati kidonge kiko nje, na hakuna binadamu aliyekuwa amesoma kipimo chochote. Nikarudi nyuma wiki hadi wiki. Usiku mzima wa kazi, picha zote zina tarakimu ileile mpaka ya mwisho baada ya nukta. Kipima mionzi halisi hakiwezi kusoma hivyo, daima hucheza kidogo. Maana yake mafundi waliacha kuandika kipimo tangu nilipowarahisishia. Sijui ni mara ngapi walipima bila kuandika na mara ngapi hawakupima kabisa. Daftari ile chafu, iliyokuwa na nafasi tupu, ilikuwa na ukweli zaidi. Nafasi tupu ilikuambia kwamba hapa hakuna aliyepima.

Siku hiyo mwenye kampuni akanipigia simu. Alikuwa ametishika, na si mtu mbaya, ana wafanyakazi na ana watoto. Akaniuliza kama ile rekodi yaweza "kusafishwa" kabla ripoti haijaandikwa. Kwangu mimi ilikuwa ni mstari mmoja wa amri kwenye seva, sekunde 5. Na nawaambia ukweli, nilivutika. Rekodi ile ilimwonyesha fundi kuwa mzembe, ilimwonyesha yeye kuwa mzembe, na aliyeisoma kwa makini angeona kwamba mtunzi wa programu ndiye mzembe kuliko wote.

Nilimwambia sitaifuta, nitaongeza chini yake maelezo ya kilichotokea na saa yake, na nitaandika kwamba tarakimu ile ilijazwa na programu. Akanyamaza. Halafu akasema, "Basi fanya hivyo, na uje ofisini uieleze mwenyewe." Nikaenda nikaieleza, mbele ya mafundi wote, kutoka kisanduku cha kijani mpaka kiti nilichonunua. Matukio ya namna hii hapa Kenya ni ya kuripotiwa kwa Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia, KNRA, iliyoundwa kwa sheria ya 2019 kuchukua nafasi ya ile Bodi ya Kinga dhidi ya Mionzi ya zamani. Ripoti ikaandikwa na sehemu yangu imo.

Si Kilindini peke yake

Baada ya hapo nilisoma sana. Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki lina desturi nzuri ya kuchapisha ripoti za ajali hizi bure, mtu yeyote anaweza kuzisoma. Ukizisoma mfululizo unaona kidonge kilekile na kosa lilelile likihama nchi.

Mohammedia, Morocco, 1984: kidonge cha iridiamu kiliachana na waya wake penye ujenzi wa kituo cha umeme, hakikurudi kwenye kamera, kikaanguka chini. Mpita njia akakiona ni kichuma kizuri akaenda nacho nyumbani. Watu 8 walifariki, yeye na familia yake na jamaa. Mwanzoni ilidhaniwa wamekula sumu.

Yanango, Peru, 1999: mchomeleaji aliokota kidonge kama hicho akakitia mfuko wa nyuma wa suruali akaendelea na kazi. Alipoteza mguu.

Meet Halfa, Misri, 2000: mkulima alikiokota akakipeleka nyumbani akidhani ni kitu cha thamani. Yeye na mwanawe walifariki.

Cochabamba, Bolivia, 2002: hii ndiyo iliyonikosesha usingizi. Kidonge kilibaki ndani ya mrija na mafundi hawakujua. Wakafunga vifaa vyao, wakavipakia kama mzigo kwenye basi la abiria kurudi La Paz, safari ya saa 8. Fikiria basi la usiku la Mombasa kwenda Nairobi, limejaa, watoto wamelala mapajani, na kidonge kimo kwenye mizigo chini ya viti. Kipimo kimoja tu kilichosomwa kwa makini kabla ya kufunga vifaa kingelizuia hilo.

Na sisi watu wa kompyuta tuna yetu. Machi 1979, kwenye kinu cha nyuklia cha Three Mile Island huko Marekani, taa kwenye ubao wa waendeshaji iliwaambia kwamba vali imefungwa. Kumbe taa ile ilikuwa imeunganishwa na amri ya kufunga, si na vali yenyewe. Amri ilitumwa, vali ikakwama wazi zaidi ya saa 2, na watu wenye akili timamu wakawa wanaitazama taa. Halafu kati ya 1985 na 1987, mtambo wa tiba wa Therac-25 uliwapa wagonjwa 6 mionzi kupita kiasi huko Marekani na Canada, na baadhi yao walifariki. Kosa mojawapo lilikuwa kwenye programu. Mtambo uliotangulia ulikuwa na kosa kama hilo, lakini ulikuwa na vizuizi vya vifaa vilivyozuia madhara. Kwenye mtambo mpya vikaondolewa, programu ikaaminiwa peke yake. Katika kisa kimoja skrini ilionyesha mgonjwa amepata mionzi kidogo kuliko iliyoagizwa.

Therac-25 niliisoma chuoni. Niliifanyia mtihani na nikafaulu. Halafu nikaenda nikatengeneza kisanduku cha kijani kinachowashwa na amri ya "Maliza".

Nilichobadilisha

Kwa wale mnaotunga programu, haya ndiyo marekebisho, mkitaka yaibeni:

1. Programu haijazi kipimo chochote. Sehemu ya kipimo ni tupu, na picha inayofuata haifunguki mpaka mtu aandike tarakimu aliyoisoma akiwa karibu na kamera.

2. Tarakimu ikilingana kabisa na ya picha iliyotangulia, programu inauliza tena.

3. Kabla ya picha ya kwanza ya usiku kuna orodha: mrija umekaguliwa kama umebonyea, kiungo cha waya na kidonge kimepimwa kama kimelika, kufuli linafanya kazi, kipima mionzi kimejaribiwa kwa kukisogeza penye kamera kionekane kinapanda, betri ya kila kengele imejaribiwa. Kila kimoja na jina la aliyekikagua. Hewa ya chumvi na mchanga wa hapa kwetu havina huruma na vifaa.

4. Neno SALAMA nimelifuta. Badala yake programu huandika: "Kipimo kilisomwa na fulani, saa fulani." Hayo ndiyo inayoyajua. Zaidi ya hapo haijui.

5. Rekodi haifutiki. Ukikosea unaongeza sahihisho, la kwanza linabaki.

Mibonyezo imerudi 9, na usiku wa kwanza ikafika 11. Walilalamika. Sikupunguza. Na bado mtu akitaka kudanganya ataandika tarakimu ya kichwani. Programu haiwezi kumzuia. Inachoweza ni kutomdanganyia.

Tuna msemo kwamba ajali haina kinga, na tumezoea kuutoa kwenye msiba ili wafiwa wapumue. Kwenye msiba nauheshimu. Lakini usiku ule nilihesabu vitu vitatu: ubao ulioteleza, betri iliyokwisha, na kisanduku changu. Kila kimoja kilikuwa na kinga yake na kila kinga ilikuwa rahisi. Kilichotuokoa ni cha nne, mzee mmoja asiyeamini skrini.

Ami bado yuko kazini, amebakiza muda mfupi astaafu. Tableti anaitumia bila matatizo. Lakini nilipokwenda nao tena mwaka uliofuata, nilimwona kila baada ya picha anakwenda na kipimo chake mpaka kwenye kamera, anasoma, anaandika kwa kalamu nyuma ya kiganja cha mkono wa kushoto, ndipo anarudi kuingiza kwenye tableti. Nilimuuliza kwa nini asiingize moja kwa moja. Akasema mkono wake haujawahi kupoteza mtandao.

Haya, sehemu ya pili ya hifadhidata wiki ijayo, tukijaaliwa.